Mama Mkwe wa Shuka Jeupe

Mwaka wa 1966 hapakuwa na televisheni hata moja mjini Isiolo. Mawimbi yake yaliishia upande wa pili wa Mlima Kenya, kwa watu wa Nairobi na jirani zao, na hayakuona sababu ya kushuka hadi huku kwenye vumbi, kizuizi cha askari na kafyu. Hata hivyo mji mzima ulijua kila kipindi alichokitayarisha Karimi huko Nairobi, kwa sababu baba yake, Mzee M'Ikiara, alikisimulia. Alikaa kwenye kibanda chake cha miraa karibu na msikiti, akifungua mafungu yaliyoviringishwa kwa majani ya mgomba, na huku mikono ikifanya kazi, mdomo ulieleza jinsi binti yake alivyowapanga watoto wa shule wakaimba, jinsi alivyomketisha waziri kwenye kiti na kumwambia ainue kidevu kidogo. Alieleza kama mtu aliyekuwepo. Wateja walitafuna na kutikisa vichwa, na hakuna aliyemuuliza ameona wapi.

Sirad binti Shuriye alikuwa na njia yake ya kwenda kazini ili asiyasikie hayo. Njia hiyo ilimzungusha nyuma ya machinjio, penye nzi na pembe zilizotupwa, na bado aliiona ni nafuu.

Si kwamba Karimi alikuwa mgeni kwake. Walikalia dawati moja shuleni. Karimi, mtoto wa Mmeru wa milimani, alijifunza kwake kumwita mwenzake abaayo, kama Wasomali wanavyoitana dada, na Sirad alijifunza kwake kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila kukunja uso. Walipomaliza shule waliajiriwa pamoja katika ofisi ndogo ya habari pale mjini, wakapiga taipu kwenye meza zinazotazamana. Mwaka 1964 akaja bwana mmoja kutoka Nairobi kutafuta msichana wa kwenda kufundishwa kazi ya televisheni. Aliwaita mmoja mmoja wazungumze mbele ya kipaza sauti. Sirad alipozungumza, taipu za chumba cha pili zilinyamaza, maana watu walikuwa wakimsikiliza. Yule bwana alitabasamu, akamuuliza jina. Kisha akamuuliza jina la baba. Aliposikia "Shuriye", tabasamu lilikunjwa kama mwavuli mvua inapokatika. Alisema, kwa upole mwingi, kwamba siku hizi ambapo mashifta, wale waasi wa Kisomali, wako barabarani haingekuwa rahisi kumweka mtu wa kabila hilo mbele ya taifa. Babu yake Sirad alipigana vita vya Mfalme wa Waingereza huko Tanganyika, na Isiolo hiyo hiyo ndiyo aliyopewa apumzikie. Hilo halikuulizwa.

Karimi alikuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake. Alisikia yote. Alitazama viatu vyake, akaingia, na wiki hiyo hiyo akapanda gari la miraa la baba yake lililokuwa likirudi tupu milimani, kutoka huko akaenda Nairobi.

Ajabu ni kwamba Sirad hakumchukia yule bwana. Chuki yake ilimruka kama mbuzi anavyoruka ua, ikaenda kutua kwa Karimi. Tangu siku hiyo kila hatua aliyopiga mwenzake aliiona imekanyaga mahali pake. Zikaja habari kwamba Karimi anapika chai na kupiga taipu huko kwenye stesheni: Sirad akacheka. Zikaja habari kwamba amefundishwa kukata mikanda ya filamu na kuiunga: hakucheka. Kisha Mzungu aliyekuwa akitayarisha kipindi cha watoto akarudi kwao, Karimi akapewa kipindi. Kisha akapewa na cha kina mama. Sasa aliitwa mtayarishaji. Alikuwa na kiti chenye magurudumu, Mzee M'Ikiara alisema, na watu wa kumngojea aseme "anza" ndipo waanze. Usiku huo Sirad alishindwa kula. Mama yake, Habsa, alimtazama akichezea chakula, akamwambia kwamba mtu akimeza donge la wivu hawezi kumeza na wali, koo ni moja.

Si kwamba Sirad alikuwa bila kazi. Kazi yake ilikuwa gari la sinema. Serikali ilikuwa na filamu zake za josho la ng'ombe, za chanjo, za vyoo, na nyingi zilikuja bila sauti, karatasi tu ya Kiingereza imeambatanishwa. Lochoro, dereva Mturkana aliyeiendesha pia mashine ya kuonyeshea, alifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili, akawasha jenereta, na Sirad akaketi kando ya gari na kipaza sauti akiyageuza yale ya karatasi kuwa Kiborana, kisha Kisomali, kisha Kiswahili. Alikuwa na ulimi wa ajabu. Ng'ombe akiingia joshoni, Sirad alimpa maneno ya kulalamikia baridi. Watu waliomba filamu ile ile ya josho mara nyingi kama watoto wanavyoomba hadithi. Lakini ni nani aliyewahi kuandika jina la msomaji wa gari la sinema? Sauti ilipotoka iliondoka na upepo wa Isiolo pamoja na vumbi, na kesho yake hapakubaki kitu cha kushikwa mkononi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Karimi aliporudi.

Alirudi na Landrova, mpiga picha, na miwani ya jua, kutengeneza filamu ya kuwafundisha kina mama wa kaskazini usafi wa maziwa. Aliingia ofisini, akavua miwani, akamwendea Sirad mikono imefunguliwa.

"Salaam aleikum, abaayo."

"Habari," Sirad akajibu.

Wote waliokuwa humo walielewa. Mkristo ameileta salamu ya Kiislamu kama zawadi, na Mwislamu amejibu kwa ile ya mtu yeyote, kama mtu anayerudisha sahani bila kuifungua. Karimi alishusha mikono. Akasema habari ni nzuri.

Alihitaji mtu wa kuwashawishi kina mama wakubali kupigwa picha, na mtu huyo hakuwa mwingine. Barabara za kwenda Korbesa na Biliqo zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo walifanyia kazi yao pembeni mwa mji, kwenye maboma ya Waborana walioamriwa wahamie karibu na askari. Sirad alizungumza na mama mmoja mzee, naye akakubali kukaa mbele ya kamera akifukiza kibuyu chake: alichukua kijinga cha moto, akakisugua ndani ya kibuyu mpaka moshi ukajaa, akafunika, akanusa, akatabasamu. Filamu ilitaka baada ya hapo mwalimu wa kike aonekane akiosha kibuyu kwa sabuni na maji moto. Mwalimu huyo alizuiliwa kwenye kizuizi cha askari kwa kukosa pasi. Karimi akatazama jua linavyokwenda, akafunga kitambaa kichwani na aproni kiunoni, akaingia mwenyewe mbele ya kamera. Akasugua kibuyu kwa povu mpaka povu likamfika viwikoni.

Sirad aliiona karatasi ya maneno siku hiyo. Iliandikwa kwamba moshi na majivu ni uchafu, na sabuni ndiyo usafi. Alisimama na karatasi mkononi. Kutoka hapo hadi Kipsing hakuna mama ambaye angeruhusu maziwa yake yaguse kibuyu kinachonuka sabuni. Moshi ndio unaoyaweka maziwa yasiharibike njiani, ndio unaoyapa ladha, na msichana anapoolewa, mama mkwe hunusa kibuyu chake kabla hajamtazama sura. Kumwambia mama kwamba moshi wake ni uchafu ni kumwambia hakulelewa. Sirad alijua Karimi amekosea, na akajua ni kosa la mtu aliyelelewa na maziwa ya chai. Akafungua mdomo amwambie.

"Hayo usijali," Karimi alisema akijipangusa povu. "Wewe utasoma tu, kama yalivyoandikwa."

Sirad akafunga mdomo. Kusoma tu! Akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba.

Mvua zilipita. Filamu ilirudi ikiwa imekatwa na kuungwa, na safari hii Karimi alikuja na mkubwa wake kutoka Nairobi, mwanamume mnene mwenye leso ya jasho, aliyesafiri maili zote hizo ili aone kwa macho yake watu wataipokeaje. Jioni ya onyesho, Lochoro akifunga shuka, Karimi alimvuta Sirad nyuma ya gari. Miwani haikuwepo. Alisema kuna watu huko Nairobi ambao hawakutaka tangu mwanzo mwanamke akalie kile kiti. Filamu ikipokelewa vizuri Isiolo, atapewa filamu zote za wilaya za kaskazini. Isipopokelewa, atarudi kwenye taipu, nao watasema walijua.

"Nisomee vizuri, abaayo."

"Nitakusomea," Sirad alisema.

Na hapo alikuwa hajaamua lolote. Au labda alikuwa ameamua zamani, nyuma ya machinjio, asubuhi baada ya asubuhi.

Mkuu wa wilaya alikuwa ametoa ruhusa kafyu ichelewe. Watu walijaa uwanjani mara giza lilipoingia, wanawake mbele na watoto wao, wanaume nyuma, na askari wakisimama pembeni na bunduki zao, wakijifanya hawakuja kutazama. Mkubwa alipewa kiti. Kando yake, kwa heshima ya mzazi, alikaa Mzee M'Ikiara na fimbo kati ya magoti.

Sirad alianza kama ilivyoandikwa. Akasoma mambo ya afya na maendeleo, sauti imenyooka kama mti wa simu, na watu wakaanza kukohoa. Ndipo uso wa Karimi ukatokea kwenye shuka. Ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa msikiti. Kila unywele ulionekana, na ulipotabasamu, uwanja mzima ulivuta pumzi. Kwa Kiborana, kwa Kimeru, kwa Kisomali, watu walinong'onezana jambo moja: si huyu ni binti wa M'Ikiara? Mzee alinyoosha mgongo. Na Sirad, aliyeketi gizani kando ya jenereta linalonuka mafuta, alitazama ule uso uliokuwa umechukua nafasi ya wake, ukiwaka juu ya watu wake mwenyewe, na kitu kilichokuwa kikimsokota tangu 1964 kikapanda mpaka ulimini.

Akaikalia karatasi.

"Mtazameni bibi harusi wa milimani," alisema kwa Kiborana, kwa sauti ya kizee kilichokasirika. "Mwanangu alikwenda kutafuta ng'ombe waliopotea akarudi na huyu. Nikamwambia, binti, nifanyie kibuyu. Mmeona anavyofanya? Anakiogesha! Anadhani ni mtoto wake!"

Vichwa viligeuka kuelekea gari. Kisha mwanamke mmoja mbele akaangua kicheko, na uwanja ukamfuata.

Basi hapakuwa na kusimama tena. Povu lilipomfika Karimi viwikoni, mama mkwe alimuuliza kama anafua kibuyu au anajifua mwenyewe. Karimi aliponusa kibuyu na kutabasamu, kama alivyoelekezwa na karatasi, mama mkwe alisema mnaona, amefurahi, kinanuka kama daktari. Na picha zilipokuja za yule mama mzee na kijinga chake cha moto, sauti ikalegea, ikawa na fahari: "Huyo ni mimi. Tazama mkono huo. Njoo hapa, binti, ukae, ujifunze kunuka kama watu." Akageuza kwa Kisomali, na huko akaongeza chumvi. Kwa Kiswahili alisema mawili matatu tu ya usafi, ya kuwatosha wakubwa. Wanawake walikuwa wamesimama sasa, wakimjibu bibi harusi moja kwa moja kwenye shuka, wakimwonyesha kwa mikono jinsi ya kushika kijinga. Mmoja alimwambia asilie, atazoea. Hata askari mmoja Msamburu alikuwa ameegemea bunduki yake akijifuta macho.

Karimi, aliyesimama karibu na mashine, na ambaye hakujua Kiborana wala Kisomali zaidi ya lile abaayo, alimuuliza Lochoro wanacheka nini. Lochoro, ambaye Kiborana alikisikia kama lugha ya mama yake, alishika tumbo akasema, "Wamefurahi, madamu. Wamefurahi sana."

Ni mtu mmoja tu mbele aliyekuwa hatikisiki. Mzee M'Ikiara aliwauzia Waborana na Wasomali miraa tangu kabla Sirad hajazaliwa, akagombana nao na kupatana nao kwa lugha zao. Uso wake ulikuwa umeinama juu ya fimbo. Sirad alimwona, na kwa mara ya kwanza jioni ile moyo ukamshtuka. Katika mtaa wao kulikuwa na watu waliochukuliwa na askari kwa maneno machache kuliko hayo.

Filamu ilipoisha watu walikataa kuondoka. Walipiga makofi mpaka Lochoro akaurudisha mkanda mwanzo, na ikabidi mama mkwe aseme yote tena. Kisha mkubwa akainuka, akajifuta jasho, akasema kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona filamu ya mafunzo ikipokelewa hivi, watu wakijifunza huku wanacheka, wanawake wakiinuka kuiga kwa mikono yao. Akamshika Karimi mkono mbele ya watu wote, akautikisa, hakuuachia.

Sirad alibaki na kipaza sauti mapajani. Alikuwa amemchimbia Karimi shimo, na Karimi, kama mgomba, akaota ndani yake.

Asubuhi iliyofuata Karimi alikuja ofisini peke yake. Alikuwa amebeba kinasa sauti, mashine nzito yenye magurudumu mawili ya utepe, akaiweka mezani, akafunga mlango. Kwa muda alishughulika na waya.

"Baba ameniambia," alisema.

Sirad aliendelea kupanga karatasi zake.

"Neno kwa neno. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilidhani ananililia." Alichomeka waya, ukatoka, akauchomeka tena. "Alikuwa anacheka, Sirad. Baba yangu mzazi. Alicheka mpaka mama akamwondolea chakula mbele."

"Karimi..."

"Uwanja mzima ulielewa filamu yangu. Mimi niliyeitengeneza ndiye peke yangu sikuielewa. Nilisimama pale natabasamu kama mjinga."

Hilo lilipaswa kuwa tamu. Kwa miaka miwili Sirad alikuwa akilingojea, na sasa limekuja akaliona halina ladha, kama maziwa ya kibuyu cha sabuni. Akaitazama mashine.

"Na hiyo ni ya kunipeleka kwa askari? Niseme tena, wanisikie vizuri?"

Karimi alimtazama kana kwamba amepigwa. Alisema mkubwa anataka maneno yale yale yatiwe kwenye mkanda, ili filamu iende Marsabit, iende Garissa na Wajir, na kila mahali isikike kama ilivyosikika jana. Kisha akaongeza, akitazama dirisha:

"Nimemwambia maneno ni yangu."

Damu ilimpanda Sirad mpaka masikioni. "Umeniibia tena."

"Ningesema ni yako, angeuliza wewe ni nani. Halafu angeuliza baba yako ni nani."

"Kwa hiyo umenificha."

"Nimekuficha. Na nimefaidika. Vyote viwili, sitakudanganya."

"Ile siku pia ungeweza kusema neno. Ulisimama mlangoni."

"Asingekuchukua hata ningesema. Tungekosa wote."

"Basi tungekosa wote. Tungekosa pamoja."

Nje, ngamia wa mtu walikuwa wakipita kuelekea mtoni, kengele zao za mbao zikigonga. "Ndiyo," Karimi alisema mwishowe. "Hilo ndilo sikulitaka."

Hakuomba msamaha, na Sirad alishangaa kuona kwamba alimheshimu zaidi kwa kutoomba. Alikaa akiitazama mashine. Sasa kisasi kilikuwa mezani, hakihitaji hata kuinuka kukifuata. Akatae tu. Bila mama mkwe, ile filamu ingefika Marsabit na karatasi yake ya moshi ni uchafu, na kina mama wa huko wangeinuka na watoto wao wakaondoka, na Karimi angerudi kwenye taipu. Sirad angeshinda. Na hakuna mtu yeyote katika kaskazini yote ambaye angejua kwamba ameshinda. Kukataa ni kimya, na kimya alikuwa nacho cha kutosha.

"Washa," alisema.

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Sirad alifumba macho, akaiona filamu ndani ya kichwa chake, picha kwa picha, na mama mkwe akaja. Alikuja mkali kuliko jana, lakini pia mwenye akili zaidi, maana jana alikuwa na hasira na leo alikuwa na nafasi. Alimfundisha bibi harusi kuchagua mti wa kufukizia, kunusa, kungoja. Alikubali maji moto, kwa shingo upande, mradi moshi uwe wa mwisho. Na katikati, kwa sauti iliyotulia, akasema kwa Kiborana, akarudia kwa Kisomali: "Bibi harusi huyu anaitwa Karimi. Na mimi ninayemfundisha, msisahau, naitwa Sirad. Sirad wa Shuriye, wa Isiolo."

Jina halihitaji mkalimani. Mkono wa Karimi uliruka mpaka kwenye kitufe, kwa kuwa kanuni ya stesheni haikuruhusu mtumishi kujitaja ndani ya filamu. Mkono ukabaki pale juu ya kitufe. Utepe uliendelea kuzunguka. Sirad alikuwa amefumbua macho sasa na anautazama ule mkono, na hakuacha kusema.

Mkono ukarudi mapajani.

Walipomaliza, Karimi alizungusha waya polepole. "Angalau ungenipa mama mkwe mwenye huruma."

"Kaskazini huku hawapatikani," Sirad alisema.

Filamu ikaenda. Ilipanda barabara ya kaskazini katikati ya msafara wa malori ya jeshi, ikaonyeshwa kwenye vijiji vya seng'enge na kwenye viwanja vya askari, na Karimi akapewa filamu zote za kaskazini alizozitaka. Jina lake liliandikwa mwanzoni kwa herufi kubwa, kwa wale wanaojua kusoma.

Wasiojua kusoma walisikia. Mwaka uliofuata, vita vilipoanza kupoa na barabara kufunguka, mama mmoja kutoka Korbesa aliingia ofisini akiwa na kibuyu mgongoni, akiwa ametembea na kupanda lori na kutembea tena. Alimtaka Sirad. Alipoonyeshwa Sirad, alimkagua kutoka kitambaa hadi viatu, akakataa. Akasema yeye amemletea maziwa mama mkwe, mtu mzima mwenye akili, si mtoto wa kike ambaye hata hajaolewa. Ikabidi Sirad aweke kalamu chini, aikunje sauti yake iwe ya kizee, na kumuuliza kama hicho kibuyu kimefukizwa au kimefuliwa. Mama yule alishika mdomo. Kisha akakivua kibuyu mgongoni na kumpa kwa mikono miwili.

Siku hiyo Sirad alirudi nyumbani kwa njia ya msikitini. Mzee M'Ikiara alikuwa kibandani kama kawaida, akisimulia. Sirad alipunguza mwendo. Mzee alikuwa akieleza kwamba Karimi amekuja mwisho wa mwezi akiwa amechukia. Kila aendako kaskazini na filamu zake mpya, alisema, watu hawamuulizi habari za kazi. Wanamwita bibi harusi. Wanamuuliza mama mkwe hajambo, na lini atakuja, na kama siku hizi amempenda. Garissa, mzee mmoja wa heshima alimwambia filamu ya Sirad ni nzuri sana. Filamu ya Sirad! Karimi alitupa miwani kitandani.

"Salaam aleikum, Baba Karimi," Sirad alisema, akisimama. "Hebu rudia hapo. Hapo pa Garissa."

Mzee alimtazama, macho yake yakicheka kabla ya mdomo. Akarudia, akaongeza na vitu ambavyo pengine havikutokea. Sirad alisikiliza kibuyu kikiwa kimemwegemea kifuani, harufu ya moshi ikipanda, na akajisikia ameshiba hata kabla ya kuonja.

"Lakini si neno," mzee alisema, akichagua jani jipya la mgomba. "Atasahau. Wanampeleka Uingereza mwezi ujao, mwaka mzima, kufundishwa filamu zile kubwa."

Sirad alimpongeza. Alimpongeza kwa maneno mazuri, mengi, akamtakia binti yake safari njema, akaenda zake na kibuyu chake.

Kesho yake asubuhi alipita nyuma ya machinjio.